Mafuta Yaliyobaki Ndani ya Kibaba

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Dijla, aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Lubaba binti Harithi. Alikuwa mjane, naye akiuza mafuta ya ufuta sokoni pamoja na mdogo wake, Mundhiri. Mundhiri alibeba mitungi na kusimamia ukamuaji. Dada mtu alipima na kupokea fedha. Hawakuwa matajiri, wala hawakulala na njaa.

Ilikuwa ada ya Bibi Lubaba, kila mwezi wa Mfunguo Tatu ulipokaribia kwisha, kuitengeneza mali yake kabla mwaka mpya haujaingia. Wenye kinu aliwalipa ujira wao uliobaki. Amana za majirani alizitoa sandukuni na kumwita kila mwenyewe ajionee kwa macho yake. Zaka aliitoa kwa mkono wake. Kilichosalia alikigawa: cha mtaji, cha chakula, na kidogo cha kutia katika mfuko wa ngozi, kwani yeye na Mundhiri walikuwa wameazimia kuhiji, naye asingesafiri bila maharimu, ndugu wa kiume wa kumsindikiza. Mwaka ule mfuko ulikuwa umejaa. Mundhiri alikwisha kuulizia bei ya ngamia.

"Tumemaliza, dada," akasema Mundhiri. "Alhamdulillahi."

"Bado vyombo," akajibu Bibi Lubaba.

Akachukua kibaba chake cha shaba, alichopimia mafuta ya wateja, chembamba mdomo na kirefu kwenda chini, akakitia maji ya moto yenye majivu. Alipoingiza kisu kukwangua, kitu kizito kikabanduka kikaanguka kiganjani mwake. Yalikuwa ni mashapo ya mafuta, yamekauka yakaganda kama lami, nayo yalikuwa yameijaza sehemu yote ya chini ya kile chombo.

Mundhiri akacheka kidogo. "Ni uchafu tu huo, dada. Utupe."

"Ni uchafu, kweli," akasema Bibi Lubaba, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini ulikuwa umekaa mahali pa mafuta ya watu."

Hapo Mundhiri akakumbuka. Mwaka uliopita dada yake alikuwa mgonjwa wa homa, na kazi ya kuosha vyombo ilimwangukia yeye. Alikuwa na haraka, akasuuza kwa maji baridi, akaviinamisha juani. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeosha."

Bibi Lubaba hakumlaumu hata kwa neno moja. Alijifunga ushungi wake wakaondoka pamoja hadi kwa kadhi wa mji, mzee aliyekuwa akisomesha barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Akamweleza yote.

"Hukukusudia, binti Harithi," akasema kadhi. "Asiyekusudia hana dhambi."

Mundhiri akashusha pumzi. Lakini kadhi alikuwa hajamaliza.

"Ama haki ya mja, hiyo ipo pale pale mpaka imfikie mwenyewe au aisamehe. Watangazie watu. Atakayekuja msadiki. Asiyekuja, mtolee sadaka kwa nia yake."

"Na akija mwongo, ewe Sheikh?" akauliza Mundhiri.

"Mwongo ana hesabu yake kwa Mola wake. Nyinyi tengenezeni yenu."

Njiani Mundhiri hakuweza kujizuia. "Dada, unajua tutatoa wapi fedha hizo. Mtaji hautoshi. Na Hija je? Tumejinyima miaka yote hii."

Bibi Lubaba akasimama katikati ya njia, na machozi yakamlenga. "Hivi, ndugu yangu, nisimame Arafa nimwinulie Mola wangu mikono yangu, na nyuma yangu mjane wa kinyozi wa mtaani kwetu ananidai mafuta ya taa yake?"

Mundhiri akamfuata nyumbani. Lakini hakuwa ameridhika.

Asubuhi yake mpiga mbiu akapita sokoni: aliyenunua mafuta kwa Lubaba binti Harithi mwaka huu amepunjwa pasi na kujua, naye Lubaba amempunja pasi na kujua, basi na aje achukue haki yake. Wafanyabiashara wakatazamana. Wengine wakasema mwanamke huyu amerukwa na akili.

Watu wakaja. Wapo waliosamehe papo hapo wakaondoka. Wapo waliochukua mafuta, wapo waliochukua dirhamu, na Mundhiri akiuona mfuko wa ngozi unavyolegea, moyo ukimuuma. Kisha akaja kikongwe mmoja aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya msikiti, taa yake ya udongo mkononi.

"Kumbe ni kibaba," akasema, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Mimi nilidhani nimeanza kukosa mkono wa kutengeneza utambi. Taa ilikuwa ikizimika kabla sijamaliza kisomo changu."

Bibi Lubaba akaushika mkono wa yule kikongwe akaubusu. Na Mundhiri, aliyekuwa akihesabu dirhamu tangu asubuhi, akaacha kuhesabu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba uchafu ule, aliotaka utupwe, ulikuwa umekula kisomo cha mja wa Mwenyezi Mungu. Akaichukua ile taa, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe.

Jua lilipopanda, akafika Dhamra, mtengeneza sabuni, pamoja na punda na mitungi mitupu. Akadai mafuta mengi kuliko waliodai wote kwa pamoja. Mundhiri akamvuta dada yake kando.

"Mtu huyu hanunui kwetu ila kwa nadra. Muuzaji wake yuko ng'ambo ya mto, kila mtu anajua. Anatuibia mchana kweupe."

"Kadhi ametuambia tumsadiki anayekuja," akasema Bibi Lubaba.

"Lakini dada!"

"Mundhiri, mimi sikujua hata kilichokuwa ndani ya kibaba changu mwenyewe. Nitajuaje kilichomo moyoni mwake?"

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini duka lilikuwa dogo. Dhamra alisikia, akajifanya hakusikia. Bibi Lubaba akaanza kupima. Kila kibaba alikianza kwa bismillahi, akakijaza mpaka mafuta yakachuruzika pembeni, kisha akamimina. Mtungi wao wa mwisho ukabaki unalia sauti ya utupu. Alipomaliza, akafuta mikono, akainamisha kichwa mbele ya yule mtu.

"Umeridhika, ndugu yangu?"

"Nimeridhika," akasema Dhamra.

"Basi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nisamehe. Sitaki kukutana nawe Kiyama ukiwa unanidai."

Dhamra akafungua mdomo ajibu. "Nimeku..." Neno likamkwama. Akajaribu tena, likakataa kutoka. Watu waliokuwa wakingoja zamu wakageuka kumtazama. Walimwona akibadilika rangi. Kisha akaketi chini pale pale mavumbini.

"Siwezi," akasema akilia. "Yarabi, siwezi! Nikusamehe nini, mama? Sina haki kwako hata tone moja. Nimekuja kukuibia, nawe unaniomba radhi!"

Mundhiri alisema baadaye kwamba pale aliielewa siku ya Hesabu kwa namna ambayo hajapata kuielewa kwa mawaidha yoyote. Wawili watatu waliokuwa katika foleni wakatoka polepole, macho chini, wakaenda zao. Bibi Lubaba alimwambia Dhamra neno moja tu: "Mimi nimekusamehe. Inuka."

Mafuta yale yakarudishwa katika mitungi ya duka. Waliobaki wakapewa haki zao, na ulipoandama mwezi wa Muharamu, kilichosalia mfukoni kikatolewa sadaka kwa nia ya wale wasiojulikana: wasafiri waliopita, na waliokwisha kufa.

Asubuhi ya kwanza ya mwaka mpya Mundhiri alishuka mtoni kuchota maji. Alipofika ukingoni akaiacha ndoo ikamponyoka. Ukingo mzima wa Dijla ulikuwa umejaa watu wa sokoni: wauza asali, wauza nafaka, wauza manukato, na Dhamra miongoni mwao, magoti majini. Kila mmoja alikuwa na vibaba vyake, mawe yake ya mizani na pishi zake, akikwangua na kusugua kwa mchanga. Kilichosikika ni mchanga juu ya shaba, na hapa na pale mtu akilia taratibu. Mundhiri akasema, "Subhanallah."

Wasimulizi wanahitilafiana kama ndugu wale walijaaliwa kuhiji baadaye. Wapo wasemao ndiyo, wapo wasemao Bibi Lubaba alifariki kabla. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Nasi, enyi ndugu zangu waumini, mwaka unapogeuka hukaa tukapiga hesabu ya tulichobakiwa nacho. Ni vyema, na ni katika busara. Lakini tuulize pia ni nini cha wenzetu kilichobakia kwetu bila sisi kujua, tukitafute kungali na mchana, na wenyewe wangali hai tuweze kuwaomba radhi.