Neno la Siri la Mzee Tembo

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba zenye milango na kuitana shemeji na wifi, kulikuwa na ghala moja la mbegu chini ya mwamba. Nguchiro, mnyama mdogo kuliko paka, ndiye aliyelichimba. Kabla mvua hazijaanza, Mungu akamchukua. Akabaki mjane wake, Bi Nguchiro, na watoto watano, na mtama wao wa kupanda humo ghalani pamoja na mbegu za kijiji kizima.

Mlinzi wa mlango alikuwa Babu Kobe. Macho yake hayakuona tena, akalinda kwa masikio. Kila nyumba ilikuwa na neno lake la siri, na kila neno lilikuwa na mahali pa sauti kubwa na mahali pa sauti ndogo. Ndivyo marehemu alivyoagiza. Neno la Mzee Tembo lilikuwa hili: "MAJI ya jana MATAMU." Mwanzo kwa kupaza, katikati kwa kunong'ona, mwisho kwa kupaza tena.

Taabu ni kwamba Tembo hakujua kunong'ona. Siku moja alikuja kuchukua mbegu za mlonge za kumtibu mwanawe, aliyeumwa tumbo. Akalipaza neno lote. Kobe akakataa. Akarudia, Kobe akakataa. Akasimama juani mpaka adhuhuri, huku akimsikia mtoto kwa mbali akilia.

Mtoto alipona mwenyewe, lakini Tembo hakusahau. Kesho yake akaitisha kikao, akasema neno ni neno, lisemwe kwa sauti kubwa au ndogo. Nyati akamuunga mkono. Yeye hata akipata mafua alikuwa anafungiwa nje.

Bi Nguchiro akasimama taratibu.

"Wazee wangu, Mzee Tembo akisema neno lake, hata Nyani kule msituni analisikia. Siri iliyobaki ni pale anapotakiwa kunong'ona tu."

Nyati akacheka. "Shemeji, kwa kimo hicho utatufundisha ulinzi? Nenda kalee watoto."

Basi Kobe akaagizwa asikilize maneno tu, sauti asiijali.

Siku ya tatu kijiji kizima kilikwenda kuzibua mto. Waliporudi alasiri, wingu la kwanza lilikuwa limetanda. Tembo akaenda ghalani kuchukua mbegu, akapaza neno lake, mlango ukafunguka, kreee. Akaingiza mkonga. Akapapasa huku, akapapasa kule. Sakafu tupu. Hata punje moja hakuna.

Akarudi kinyumenyume, akaketi chini, puu. Nyati naye akachungulia, akarudi nyuma. Hakuna aliyelia. Walisimama tu wakitazama lile wingu. Mvua imefika na mbegu hakuna. Kila mmoja aliwafikiria watoto wake.

"Babu Kobe," Tembo akasema, na sauti ilimtoka ndogo kama pumzi, "nani kaingia humu?"

"Wewe," Kobe akajibu. "Leo umekuja mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa na sauti ya kifaranga."

"Sauti ya kifaranga, na ukanifungulia?"

"Si mliniambia sauti nisiijali, mjukuu wangu?"

Hapo Bi Nguchiro akajitokeza. Akasema ni yeye. Asubuhi alibaki nyuma na wanawe; wengine walipokwisha kuondoka tu, aliingia kwa neno la Tembo, na pamoja na wanawe wakahamisha mbegu kibuyu kwa kibuyu mpaka kwenye shimo la nyumba yao. Hakuna punje iliyopotea.

"Niliposema mlicheka," akasema. "Nikaona niwaonyeshe."

Nyati akainua pembe kwa hasira. Lakini Kobe alikuwa hajamaliza.

"Mara ya tatu ndiyo hii ya sasa," akasema polepole. "Ile ya pili ilikuwa adhuhuri. Ulikuja ukibweka, Mzee Tembo, unanuka ndizi mbivu. Uliingia na magunia. Ukatoka unatukana."

Wote wakainama kutazama. Vumbi la mlangoni lilikuwa limejaa alama za viganja, vidole vitano vitano, zikielekea msituni kwa Nyani.

Bi Nguchiro mwenyewe akashika kichwa. Alitaka kuwafundisha tu. Kumbe alimtangulia mwizi kwa saa chache. Akasema, "Mola ashukuriwe." Nyati akashusha pembe.

Mbegu zikarudishwa kabla jua halijazama, na agizo la marehemu likarudishwa pia. Tembo akasimama mbele ya Kobe.

"MAJI," akapaza. Kisha akaikumbuka ile sakafu tupu, na sauti ikamtoka ndogo yenyewe: "ya jana." Akavuta pumzi. "MATAMU."

Mlango ukafunguka, kreee.

Wanangu, neno la siri ni maneno pamoja na namna ya kuyasema. Ukiilegeza namna kwa sababu inakusumbua, umemrahisishia na mwizi.