Dalali Hubaki Ufukweni

“Dalali hubaki ufukweni.” Ndivyo Mzee Bwire alivyowaambia leo asubuhi mlipomwonyesha kwenye simu picha ya ile mashua kuukuu mnayotaka kununua, nanyi mkacheka, mkadhani mzee anamwonea kijicho dalali wenu. Hana kijicho. Acheni hizo simu kwanza mnisikilize, maana methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa Rwamagaka mashua iliyokwisha tumika haikununuliwa kwa macho. Mwuzaji na mnunuzi waliijaza mawe, wakapanda wawili peke yao, wakapiga makasia mpaka kwenye ule mwamba uliojaa mavi ya ndege, wakarudi. Mwuzaji akikataa kupanda, basi ameshasema, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Dalali naye alibanwa na desturi hiyohiyo. Ukiuza kwa niaba ya mwenye mashua, unapanda kwa niaba yake.

Lakini tulikuwa na desturi nyingine: mtu hapandi mashua moja na mkwewe. Humo ndani magoti hugusana, na maji machafu yanayolowesha miguu ya mmoja hulowesha ya mwenziwe. Ilikuwa aibu kubwa. Desturi hizi mbili zilikaa pamoja miaka na miaka bila kugombana, mpaka siku ya Maingu.

Maingu alikuwa dalali wa mashua. Wanasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ya Maingu yangemtoa nyoka na kumrudisha, naye akashukuru. Binti yake, Nyangeta, aliolewa na Masatu, kijana mpole aliyevua miaka tisa katika mashua za watu. Nyangeta alimpenda, na alichoka kumwona akirudi jioni na fungu la samaki aliloachiwa kama sadaka. Wakauza ng'ombe wao wote wawili ili wapate mashua yao.

Maingu akawaletea moja kutoka visiwani, imepakwa rangi ya buluu mpya inayong'aa. Masatu aliizunguka mara tatu, akaigonga kwa vidole, akakohoa.

“Baba, mbona rangi bado mbichi?”

“Bibi arusi hupelekwa kwa mume bila kupambwa?” Maingu akacheka, na Masatu akalazimika kucheka, kwa kuwa ni mkwe.

“Na mwenyewe haji, tupande wawili?”

“Mwenyewe mgonjwa. Ningepanda mimi, lakini unajua mwenyewe, mwanangu. Mimi na wewe haifai.”

Masatu alirudi nyumbani ana shaka. Alimwambia mkewe kwamba angependa kungoja mwenye mashua apone. Nyangeta akawaka. Kungoja ni kusema kwamba baba yake ni mwongo, na maneno hayo yangefika kwa baba yake kabla ugali haujaiva.

“Baba anauza mashua tangu sijazaliwa,” alisema. “Atamwuzia mwanawe jeneza? Nunua, Masatu. Mimi nakwambia nunua.”

Akanunua.

Wiki ya tatu Masatu na mwenzake walikwenda kutega nyavu mbali, kule ambako nchi kavu huioni. Ziwa lilikuwa shwari kabisa. Mwenzake ndiye aliyerudi, amelikumbatia dumu tupu, na akasimulia kwamba hapakuwa na upepo wala wimbi. Maji yaliingia kwa chini, ubao mzima ukaachia, na Masatu, ambaye nyavu zilimfunga miguu, hakuonekana tena. Kijana huyo wa dumu ndiye Bwire mliyemcheka asubuhi.

Kesho yake wavuvi waliikokota mashua ufukweni, tumbo juu. Kijiji kizima kilikuwepo. Maingu naye alikuwepo, viatu miguuni, akiwaambia watu kwamba ziwa halina adabu, mashua ilikuwa nzima, yeye mwenyewe aliikagua.

Nyangeta aliinama kwenye mwanya ulioachwa na ule ubao. Kitambaa kilikuwa kimening'inia hapo, kimegandamana na lami. Alikivuta, akakisugua kwa mchanga mpaka maua mekundu yakaonekana. Aliyajua maua hayo. Alibebwa mgongoni ndani yake.

“Baba, hii ni kanga ya mama.”

Maingu akaangalia viatu vyake.

“Uliziba mwenyewe.”

“Palikuwa padogo tu, mwanangu. Nilidhani atavua hapahapa karibu.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Ningemwambia, angenunua?”

“Na kwa nini hukupanda naye?”

“Mimi mkwe wake! Mila inakataza.”

“Mila ilikukataza kupanda,” Nyangeta alisema. “Ilikukataza na kusema?”

Wazee wakaingilia kati. Wakamwambia afunge mdomo, huyo ni baba yake. Nyangeta aliwatazama wote, akavitazama na vile viatu vya baba yake, vikavu, havina hata tone.

“Nafunga,” alisema. “Dalali hubaki ufukweni.”

Mnataka kusikia kwamba Maingu aliadhibiwa. Hakuadhibiwa. Ng'ombe hawakurudi, Masatu hakupatikana hata wa kuzikwa, na Maingu aliendelea na udalali wake mpaka akafa mzee, kitandani, juu ya godoro. Ila kila aliposifia mashua, mtu mmoja nyuma ya kundi alilitamka neno lile, naye alijifanya hakusikia.

Wengine walidhani neno lile lilimlenga baba peke yake. Nyangeta mwenyewe hakusema hivyo. Nilimsuka nywele alipokuwa mzee, na siku moja nilimsifu kwa jinsi alivyomwumbua Maingu mbele ya watu. Akaushika mkono wangu akauondoa kichwani.

“Baba alimwambia nunua mara moja, Masatu akasita,” alisema. “Mimi nilimwambia mara mbili, akanikubalia. Na siku alipoondoka, mimi nilikuwa nimesimama wapi?”

Kisha akaurudisha mkono wangu kichwani, nikaendelea kusuka.

Basi nendeni kwa dalali wenu, sikatazi. Dalali anajua mashua zilipo kuliko ninyi. Lakini ijazeni mawe, mwambieni apande, na mkiona anaangalia viatu vyake, rudini nyumbani. Na wewe unayewahimiza wenzako tangu asubuhi kwamba wanunue tu, wanunue tu, panda wa kwanza. Dalali hubaki ufukweni.