Msuko wa Kisogoni

Sogeeni, hadithi imebisha hodi!

Enzi za masultani, zimwi lilimwiba Mize. Shoga yake Mwanakombo, aliyemsuka nywele kila Alhamisi, akalifuata peke yake hadi pangoni.

Zimwi likacheka, likafanya kina Mize watatu, sura moja, sauti moja. "Chagua wako. Ukikosea, nitawameza nyote!"

"Ni mimi, shoga!" wakalia wote.

Mwanakombo akawapapasa visogo. Wa kwanza, misuko imekaza. Wa pili, imekaza. Wa tatu, msuko mmoja umelegea, pale penye kovu la moto, maana siku zote Mwanakombo aliogopa kumuumiza.

"Huyu!"

Wale wawili wakayeyuka, zimwi likapasuka kwa hasira.

Tangu hapo, Mize akishasukwa huubusu kwanza mkono ule wa shoga yake, ndipo ajitazame kiooni.