Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Haya, sogeeni. Na wewe unayechezea simu, iweke mfukoni, maana leo mtaniamulia kesi iliyonishinda.

Walikuwapo wanafunzi watatu wa chuo cha ufundi, waliopelekwa shule moja ya wasichana kule Rungwe wajifunze kwa vitendo kujenga mtandao wa kompyuta. Sekela alikuwa na mikono myepesi ya kazi, tena hawezi kukaa na uongo tumboni. Chediel alikuwa na subira. Kazi inayowachosha wenzake yeye ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Mwanaidi haamini mashine yoyote. Kila anachokigusa hukinakili kwanza, mpaka wenzake wakamwita Bibi Nakala.

Siku ya kisa hiki ilikuwa ya mwisho kutuma majina ya watahiniwa wa kidato cha nne, wasichana mia moja na sita. Mwisho saa kumi alasiri. Jina lisipofika, msichana hafanyi mtihani, mwaka umekwenda na maji. Saa nane mtandao ukafa. Mkuu wa Shule, Mama Atuganile, kwa kiherehere akachomoa ukutani kompyuta yake yenye orodha ya majina, akidhani itapona.

Msimamizi wa vijana, Fundi Kabuje, akalitazama boksi linalounganisha nyaya zote. Taa zake zilikuwa zinawaka ovyo. "Limeungua hili. Jipya litatoka Mbeya kesho."

Kesho! Mama Atuganile akashika kichwa.

Sekela, machozi yakimlengalenga, akasema, "Fundi, halijaungua. Ni mimi. Kabla tu mtandao haujafa nilichomeka ncha mbili bila kuzifuatilia, nadhani ni za waya mmoja." Basi waya ukitoka kwenye boksi ukarudi humohumo, ujumbe huzunguka tu bila kwisha mpaka njia zote zinaziba.

"Waya upi?"

"Sikumbuki, zote zinafanana."

Na nyaya zilikuwa arobaini, zote za buluu, hazina lebo hata moja. Chediel akapiga magoti. Akachomoa mmoja, akasubiri taa zitulie, hazikutulia, akaurudisha. Wa pili hivyohivyo. Watu wanapiga kelele, "Fanya haraka wewe!" Hakuinua hata uso. Waya wa thelathini na moja, taa zikatulia na mtandao ukarudi.

Kumbe bado. Kompyuta ya Mama Atuganile ilipowashwa, orodha ya majina haifunguki, imeharibika ilipochomolewa. Mwanaidi akatoa flashi kwenye pochi. "Ninayo. Niliinakili asubuhi kabla hatujagusa kitu." Na Fundi Kabuje alikuwa amemkemea kwa kupoteza muda!

Saa kumi kasoro dakika nne, majina yote yakafika. Mama Atuganile akaketi sakafuni, anacheka huku analia. "Wanangu watafanya mtihani, jamani!" Nje vigelegele tupu.

Alipoinuka, akatoa ufunguo wa chumba cha kompyuta. Shule ilikuwa na nafasi moja tu ya kazi ya kudumu, ya kuutunza mtandao huo, na wote watatu waliitaka.

"Aliyeua mtandao ndiye akabidhiwe mtandao?" akauliza Chediel, alipoona macho ya Mama Atuganile yametua kwa Sekela.

"Asingesema," akajibu Mwanaidi, "tungekuwa tunasubiri boksi la Mbeya."

"Na tukimnyima kwa sababu amekiri," akasema Fundi Kabuje, "nani atakiri tena?"

Sawa. Lakini bila Chediel, kukiri kungefaa nini? Na bila Mwanaidi, mtandao uliofufuka ungetuma nini?

Mama Atuganile amesimama mbele yao, ufunguo mkononi, ameshindwa. Mnaguna nini? Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?