Nani Apande Isale na Nakiete?

Sogeeni. Kisa hiki kimenishinda kukiamua, labda ninyi mtakiweza.

Palikuwa na watu watatu huko Machame. Ndeshi, mwalimu, alijua kutafuta maandishi mtandaoni. Elinami, fundi simu, alijua programu zinazotunza siri za mtu na zinazoziuza. Tusekile, mkunga, alikuwa na subira.

Nakiete, wifi yake Ndeshi, alijifungua mtoto asiye na pumzi. Wakamzika migombani. Lakini simu haikujua msiba. Alipokuwa mjamzito aliitumia kusoma habari za mimba, na sasa kila akiifungua inamletea matangazo ya nepi na vitanda vya watoto.

"Hata simu inanidai mtoto!" alilia, akaitupa uvunguni.

Ndeshi akamwambia, "Wifi, wapo akina mama waliozika kama wewe, na wanaandika." Akawatafuta, akapata blogu zao na anwani za milisho, zile zinazokuletea kila andiko jipya linapotoka.

Nakiete akakataa. "Nikiwasoma hao, kesho nitatangaziwa majeneza."

Ndipo Elinami akajaribu programu za kusomea milisho. Zilizodai jina au namba ya simu akazifuta, akabakiza moja isiyodai chochote. "Dada, hapa unachagua mwenyewe wa kumsoma. Orodha yako inakaa humu humu kwenye simu. Haina matangazo, wala haimwambii mtu unachosoma."

Lakini Nakiete aliogopa hata kuishika simu. Tusekile akawa anapita kwake akitoka kazini, anaketi naye mkekani. "Bonyeza hapa, mdogo wangu. Taratibu." Siku moja andiko likafunguka: *Mwanangu hakulia, nikalia kwa niaba yake.* Nakiete akalia sana. Tusekile hakumwambia nyamaza. Jioni ile Nakiete aliomba chakula, mara ya kwanza tangu mazishi.

Tangu hapo akawa anawasoma wale akina mama kila siku. Hatimaye akataka kupanda isale kaburini, ule mmea ambao Wachaga huuheshimu na kuupanda penye makaburi ya wapendwa wao. Pale migombani ni pafinyu, panatosha watu wawili kupiga magoti. Mumewe akainamisha kichwa. "Mimi siwezi kurudi pale, mke wangu. Nenda na yule aliyekurudisha kwetu."

Nakiete akawatazama wote watatu, mche mkononi, asijue amwite nani.

Bila Ndeshi, angesoma nini? Bila Elinami, angethubutu vipi? Bila Tusekile, angefungua kwa mkono gani?

Je, wewe ungempa nani nafasi ile ya kupiga magoti?