Punda wa Tima

Punda akilala, mtue mzigo. Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo Athman, anayekohoa tangu juzi, nanyi mkacheka: punda ametoka wapi hapa? Methali hii ilianza hivi.

Huko Siyu alikuwako mwimbaji wa vugo, zile pembe za nyati wapigazo wanawake harusini. Jina lake Tima binti Omari. Sauti yake, jamani, ilikuwa neema. Dada yake alipokuwa akifariki alimwomba jambo moja tu: bintiye Khadi akiolewa, Tima ndiye amwimbie. Harusi ikakaribia, na wiki ile ile Tima akashikwa na kikohozi, akapwewa na sauti.

Alitafuna tangawizi, akakohoa kwa nguvu ili asafishe koo, akajizoeza nyimbo jikoni penye moshi. Kila alivyozidi kukazana ndivyo sauti ilivyozidi kukwaruza. Hofu ikamwingia. Mara akasikia fimbo uani: kaka yake Shee alikuwa akimchapa punda aliyelala na mawe mgongoni, hataki kuinuka.

"Kaka, mtue mzigo," Tima alisema kwa taabu.

Shee akamtua, akampa maji. Jioni punda akainuka mwenyewe. Tima alisimama mlangoni, mkono shingoni, akamtazama kitambo.

Tangu hapo hakusema neno, hata la kunong'ona. Na mwanamke yule alikuwa msemaji, hata paka akipita humsalimu! Akaliepuka jiko, akanywa maji ya uvuguvugu kwa asali, akajifukiza mvuke. Majirani wakasema anaringa. Khadi akaja akilia.

"Mama mdogo, umenikasirikia? Niambie hata neno moja!"

Neno likamfika ulimini, akalimeza, machozi yakamtoka. Akauchukua mkono wa Khadi, akauweka kooni pake, kisha akamwonyesha punda uani, anakula majani bila mzigo. Khadi akaelewa, akacheka huku akifuta kamasi.

Siku ya vugo Tima alianza polepole. Sauti haikuwa kubwa kama zamani, lakini ilikuwa safi.

"Paza, dada! Paza!" wenzake wakamhimiza.

Hakupaza. Basi wao ndio waliopunguza mlio wa pembe ili wamsikie, na Khadi akaimbiwa kama mama yake alivyotaka. Kuimba wengi walijua. Kunyamaza vile kwa ajili ya wimbo, nani angeweza ila Tima?

Walipomuuliza alipona kwa dawa gani, alicheka, akasema, "Punda akilala, mtue mzigo."