Kokwa za Bibi Lubaba

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za mjane mmoja mcha Mungu aliyeitwa Lubaba, ambaye siku alizofunga zilikuwa nyingi kuliko siku alizokula. Alikuwa na bakuli la kokwa za tende elfu moja, na kwa hizo alihesabia dhikri zake. Wanawake wa mtaani walimheshimu sana. Naye, tuseme kweli, heshima hiyo aliijua na ilimpendeza.

Mdogo wake, Safura, akashikwa na homa kali, na tabibu akakataza watoto wasimkaribie. Wanawe wawili, Nusaiba wa miaka sita na Hamdani wa mitatu, wakapelekwa kwa Lubaba. Kabla hawajatoka, mama yao aliwausia kwa sauti ya mgonjwa, "Mama yenu mkubwa ni mja wa Mungu. Akiwa katika ibada, msimsemeshe."

Lubaba aliwapokea kwa moyo mkunjufu. Lakini nyumba yake ilikuwa na desturi yake: jiko haliwashwi mpaka jua likaribie kuchwa, na mikate huning'inizwa kwenye boriti panya wasiifikie. Magharibi watoto walikula wakashiba. Mchana kutwa yeye alikaa juu ya mswala na bakuli lake, akijiambia kuwa mtoto mwenye njaa hulia, na hawa hawalii. Majirani wakasifu, "Mashaallah, Bibi Lubaba, baraka zako zimewatuliza hata watoto!" Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaendelea kuhesabu.

Siku ya tisa hesabu haikutimia. Akarudia, kokwa zikawa pungufu. Akapandwa na hasira.

"Nani anachezea kokwa zangu? Hamjui kuwa hizi ni za kumtajia Mungu?"

Hamdani akajificha nyuma ya dada yake, shavu moja limetuna. Nusaiba akamtia kidole kinywani, akaitoa kokwa, akaipangusa kwa nguo yake na kuirudisha bakulini kwa adabu.

"Utusamehe, mama mkubwa. Akifyonza halii. Mama alituusia tusikusemeshe ukiwa katika ibada, nikamwambia Hamdani tungoje ziishe, ndipo tuombe chakula. Lakini kila zikiisha unaanza tena."

Lubaba alimpakata Hamdani, na mkono wake ukagusa mbavu. Akaona haya mbele ya Mola wake, akaona haya mbele ya mtoto wa miaka mitatu. Yeye aliyeijua njaa kuliko mtu yeyote mtaani hakuitambua ilipokaa mbele yake siku tisa! Ilikuwa funga ya sunna. Akaivunja, akawasha jiko mchana kweupe, akala nao sahani moja.

Mwezi uliofuata Safura akapona, akaja kuwachukua wanawe akiwa na wanawake wa mtaa. Mashavu ya watoto yalikuwa yamejaa. Safura akaubusu mkono wa dada yake.

"Dada, nasikia hata kilio chao hakikusikika. Nikushukuru vipi?"

Shetani naye hakuwa mbali. Nyamaza, akamnong'oneza, wameshanenepa, na Nusaiba hatasema. Kweli, Nusaiba alikuwa ametazama chini. Lubaba akaelewa kuwa mtoto yule anamsitiri yeye, mtu mzima, na hilo hakuweza kulibeba.

"Usinishukuru," akasema mbele ya wote. "Siku tisa nimewashindisha wanao na njaa huku nikimtaja Mungu. Walinyamaza kwa kuwa uliwausia wasinisumbue. Mwanao alifyonza kokwa zangu, nami nikamkemea."

Safura aliwashika wanawe mikono akaondoka, na kuaga hakuaga. Wanawake wakatawanyika, na kwa muda mrefu hakuna aliyebisha hodi kwa Lubaba kuomba dua. Alilia sana, lakini hakumlaumu mtu.

Mwaka uliofuata homa ikamrudia Safura. Mawifi zake wakajitolea kuwalea watoto. Akakataa.

"Wapelekeni kwa dada yangu. Nyinyi mtangoja walie. Yeye hatangoja."

Basi, ndugu zangu, funga ni ibada na dhikri ni nuru ya moyo. Lakini ukipita penye nyumba ya watoto ukaikuta kimya, usikimbilie kusema mashaallah. Ingia kwanza, uulize kama wamekula.